Isale Niliyoipokea Badala ya Mama Yako

Glory,

Wewe ni mjinga. Nakuandikia hivyo mapema usije ukadhani barua hii ni ya kukubembeleza. Keshokutwa unapanda ndege kwenda Uarabuni kufanya kazi ndani ya nyumba ya watu, na habari hiyo anayo msusi wako, wanayo wanakwaya wote, anayo mpaka yule kijana wa bodaboda anayetuletea pumba za ng'ombe. Mama yako aliyekuzaa hana. Jana nilikuuliza kama umemwambia. Ukanijibu huku unapaka rangi kucha, hata macho hukuinua: "Bibi, Mama atajua nikishafika. Kwani yeye aliniaga alipohamia mjini?"

Bibi wa maana angekuchapa mwiko palepale, na ukubwa wako huo. Mimi sikukuchapa. Nilichukua ungo nikaenda kupepeta maharage ambayo nilikuwa nimeshayapepeta. Maneno yale hukuyatunga wewe. Ni yangu. Nimekulisha mimi tangu unanyonya kidole, kijiko kwa kijiko, na jana nikayasikia yakitoka kinywani mwako yamekomaa, yana ndevu.

Sasa umeshuka sokoni Mkuu kusuka nywele. Nimekaa hapa barazani na daftari lako la kidato cha pili, nimechana karatasi za nyuma ambazo hukuandika kitu, na ziko nyingi, lakini hayo tuyaache. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la nne. Soma polepole, na ukikuta neno limekosewa, pita.

Sitakufundisha kazi. Mtu aliyekulia kwangu anajua kufua, kupika na kuamka kabla hajaamshwa. Rozari nimeiona kwenye begi; usipoisali shauri lako. Mambo ya kula nini na kuvaa nini utaambiwa na watakaokupokea. Mimi nataka kukuambia habari za mkono wa mama yako.

Umekua ukijua kwamba mama yako Felista aliungua na mafuta ya maandazi huko Majengo, Moshi, akikimbizana na maisha ya mjini. Nilikuambia mimi. Ule mkono haukuungua Majengo.

Ulikuwa hujaanza hata chekechea. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake, na mama yako alikuwa anabeba ndizi kutoka kwa wakulima kupeleka soko la Mkuu. Kahawa watu walikuwa wanaing'oa, kihamba chetu, shamba la ukoo, kimegawanywa na kugawanywa mpaka kimebaki upana wa shuka. Hatukuwa tunalala njaa, nisikudanganye. Kilichonisumbua mimi ni Desemba. Unaijua Desemba yetu. Watu wanapanda mlima kutoka kila pembe ya nchi, magari yanaingia mpaka kwenye migomba, kila nyumba inafuka moshi wa nyama. Kwangu babu yako ameshafariki, wajomba zako wako mbali na hawana habari na mimi, na geti langu linasukumwa na mbuzi. Nilikuwa natoka misa ya Krismasi, watu wananiuliza, "Wako wamefika?" Nasema wako njiani. Mwaka huu wako njiani, mwaka ujao wako njiani. Nikachoka. Nikataka na mimi niwe na mtu wa kurudi.

Kulikuwa na mwanamke jirani, tunamwita Mama Deo. Umri wetu haukupishana sana. Yeye ndiye aliyekuwa anapeleka wasichana kwa Waarabu. Wakati huo viongozi walikuja wakafanya mkutano hapa kijijini, wakatutangazia kwamba mabinti wasiende kiholela, wanateswa huko, na kwamba uwanja wa ndege wataulizwa vibali. Tukapiga makofi. Mama mmoja akasimama akauliza, "Sawa, wasiende. Wakibaki wafanye nini?" Mheshimiwa akasema hilo swali ni zuri sana. Akapanda gari.

Mama Deo hakubishana na mtu. Aliwatoa wasichana kwa njia za mashambani kule Tarakea mpaka upande wa Kenya, ndege wakapandia Nairobi. Lile katazo lilisimama mlangoni, yeye akapitia uani. Na maana yake ni kwamba msichana aliyepita uani hakuna ofisi yoyote inayojua kwamba ameondoka. Hilo sikulifikiria siku ile. Nimelifikiria baadaye, nikiwa na muda mwingi wa kufikiri.

Mama yako alisita. Alikaa hapo kwenye jiwe la kuoshea miguu, wewe uko mapajani, akaniambia, "Mama, nimwache mtoto?" Nikamwambia mtoto ni wangu, nenda. Nikamwambia, "Wenzako wanajenga, wewe unabeba mikungu ya watu." Akaenda. Usije ukasikia popote kwamba mama yako alikimbilia raha. Nilimsukuma.

Mwanzo alikuwa anapiga simu. Alisema paspoti wamemchukulia siku ile ile aliyofika, nikasema vizuri, watamtunzia isipotee. Unaona akili yangu. Baadaye simu nayo ikachukuliwa. Kwenye jumuiya ya kanisa wakiniuliza habari za Felista nasema, "Tajiri wake anampenda, hataki hata atoke nje." Wanacheka, nacheka. Na kweli alikuwa hataki atoke. Mlango ulikuwa unafungwa kwa ufunguo.

Alirudi mwezi wa nne. Mvua yetu ya masika, ile isiyojua kupumzika. Nilikuwa nakoroga kitu jikoni, nikaona mtu kasimama mlangoni amelowa, ameshika mfuko wa nailoni, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Mtoto wangu, Glory. Na neno la kwanza nililomwambia ni hili: "Mbona umekuja masika?"

Sikusema karibu. Sikusema pole. Kwetu mtu anarudi Desemba, na mikono yake imejaa. Anayerudi masika ama amefukuzwa ama anafuata msiba. Akanitazama akasema taratibu, "Nirudi, Mama?" Nikamwambia ingia, moshi unatoka. Wewe ulitoka chumbani, ukamwona na kile kitambaa, ukalia, ukajificha nyuma ya kanga yangu. Nikaona fahari kidogo kwamba umekimbilia kwangu. Hiyo nayo iandike upande wangu.

Mwanamke wa ile nyumba alimkandamizia pasi ya moto kwa sababu shati la mtoto lilibaki na alama. Vidole viwili havikunjuki mpaka leo. Alitoka siku ya kutupa takataka, mlango uko wazi, akakimbia na ndala moja. Dereva mmoja akamfikisha ubalozini kwetu, na anasema alikuta wasichana wengine wa Tanzania wamelala kwenye mikeka, wanangoja hati za dharura za kurudia. Ubalozi ndio uliomrudisha. Usije ukanisikia nasema hakuna aliyemsaidia. Walimsaidia, wakamleta mpaka nyumbani. Nyumbani ndiko kulikomshinda.

Kidonda kilipoanza kufunga alikwenda mwenyewe polisi Mkuu, kwenye dawati la jinsia, akaandikisha maelezo juu ya Mama Deo. Akawatafuta wasichana wengine wawili waliorudi kama yeye, wa vijiji vya jirani, waliokuwa wamejifungia ndani kwa aibu, akawashawishi wawe mashahidi. Mtu mwenye mkono mmoja. Mimi nilikuwa namwona anatoka asubuhi na mwavuli uliovunjika, najisemea, huyu anatutangaza.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea kikwelikweli.

Ninyi vijana mnaijua isale kama mmea wa mpakani mwa shamba. Mnakata majani yake mnafagilia njia, mnapamba ukumbi wa harusi. Sisi tuliikuta na heshima yake. Mtu akikukosea, hata awe amemwaga damu yako, akaja kwako na wazee, ameshika jani la isale amelifunga fundo, humrudishi. Ukimrudisha, laana inakugeukia wewe. Ukilipokea, kesi imekwisha, mnakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja, na hakuna ruhusa ya kulitaja tena. Nimeona uzuri wake kwa macho yangu. Babu yako alipigwa jembe la bega na kaka yake kwa ajili ya maji ya mfereji. Mwaka mzima hawasalimiani, tunachota maji kwa zamu kama nchi mbili. Yule kaka akaja na isale, babu yako akalishika jani, na watu wale wakala sahani moja mpaka wanazikwa. Kwa hiyo mimi isale sikuiona kama mchezo. Niliiona kama dawa. Sikujua kwamba dawa inauliza kwanza mgonjwa ni nani.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nikaona wazee wanne wanaingia, wamevaa makoti, nyuma yao Mama Deo amejifunika kanga kichwani, macho chini. Mmoja kashika kibuyu cha mbege. Mwingine kashika jani.

Yule mkubwa wao akasema, "Mama Felista, tumekuja na isale. Mtoto amekosewa, hatukatai. Lakini polisi ni watu wa kupita, leo wako Mkuu kesho wamehamishiwa Lindi. Sisi na wewe ndio tutakaozikana."

Maneno hayo ni matamu, Glory. Hata leo nikiyaandika nayaona matamu. Ni kweli tunazikana. Mama Deo alishona sanda ya babu yako.

Mama yako alikuwa shambani, bondeni, anakata majani ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nalisikia panga lake. Ningeweza kuita tu, angenisikia. Sikuita. Nilisema karibuni mketi. Nikalipokea jani. Nikanywa wa kwanza, kama desturi, na mzee akasema, "Huyu ndiye mama." Nikanyoosha mgongo. Watu wazima wanne kwenye baraza langu, wananiinamia mimi, siku ambayo si ya msiba. Wageni niliokuwa nawataka Desemba nikawapata Jumapili ile, na nikawalipia kwa mkono wa mwanangu.

Mama yako akapanda na mzigo wake kichwani wakati wameshaondoka. Akaona jani juu ya meza.

"Nani kaleta?"

"Wazee. Yamekwisha."

"Ya nani yamekwisha?"

"Ya nyumba."

Akautua mzigo. Alichukua muda kuutua, maana alikuwa anatumia mkono mmoja na mimi sikunyanyuka kumsaidia. Kisha akaniuliza, "Mama, mkono huu ni wa nyumba?"

Nikamjibu, na jibu hilo ndilo ninaloliungama kila Kwaresima, padre amelichoka: "Mkono utapona. Aibu ya mahakamani haiponi."

Hakupiga kelele. Mama yako hajui kupiga kelele, kelele wewe umezitoa kwangu. Alisema tu kwamba nimesamehe kwa mdomo wangu kidonda kilicho kwenye mwili wake. Akaenda kumwaga majani kwenye hori.

Siku chache baadaye akaja askari wa kike. Alipanda mpaka hapa kwa bodaboda, buti zimejaa tope, msichana mdogo tu, si wa huku. Akanisalimia shikamoo vizuri, akakaa kwenye kigoda changu kile kilichopasuka.

"Bibi, binti yako ana kesi nzuri. Tunahitaji na wewe uandike maelezo, ulikuwepo huyo mama alipomchukua."

"Hakuna kesi. Tumepokea isale."

"Isale ndiyo nini?"

"Waulize waliokulea, kama walikulea."

Alimeza. Ni mtoto aliyelelewa, alimeza. Akaniuliza, "Bibi, huyo mama tumesikia anasafirisha msichana mwingine karibuni. Hilo jani linamzuia?"

Nikasema, "Huyo si wa kwangu."

Akafunga daftari lake, akaniaga, akashuka.

Tunakaa hapa kwenye mikutano tunalalamika serikali haitujali, viongozi hawapandi huku. Siku ile serikali ilipanda. Ilikaa kwenye kigoda changu, ina tope mpaka magotini, inaniomba maneno mawili matatu, na mimi nikaifukuza kwa kejeli. Sheria ninayoijua mimi ni hiyo: haina miguu yake, inatembea kwa miguu ya mtu anayekubali kusema. Wale mashahidi wawili waliposikia mwenye mkono amesemewa kwamba amesamehe, familia zao zikasema, "Sisi ni nani?" Zikajitoa. Mama yako akabaki na maelezo yake peke yake, na ndani ya nyumba yake mwenyewe kuna mtu aliyesema yamekwisha.

Na yule msichana mwingine alisafirishwa. Anastazia, wa ng'ambo ya mto, binti wa yule mama anayeongoza sala kwenye jumuiya yetu. Alipiga simu za mwanzo kama wote wanavyopiga. Halafu ikawa haipatikani. Haijapatikana mpaka leo. Hakuna kitabu cha ofisi yoyote kinachosema aliondoka, kwa hiyo hakuna ofisi inayojua imtafute wapi. Mama Deo alihamia Kenya, hatukumwona tena. Kila Jumapili wakati wa kutakiana amani, mama yake Anastazia ananipa mkono, ananiambia amani iwe nawe. Unadhani kwa nini siku hizi nakaa benchi la nyuma? Magoti ninayoyasingizia ni uongo.

Mama yako alikwenda Moshi. Akapanga chumba Majengo, akajifunza kushona kwa ule mkono, sare za shule, na anashona vizuri kuliko wenye vidole vyote. Alikuacha kwangu mpaka apate pa kukuweka. Nawe jana unaniuliza kama alikuaga.

Alikuja kukuchukua. Wiki uliyoanza darasa la kwanza alikuja, ameleta sare aliyokushonea yeye, sketi ya bluu yenye mikunjo, ile uliyokuwa unaringia. Alikuwa ameshazungumza na shule huko mjini. Nilimwona tangu anashuka kwenye gari barabarani, nikakutuma kwa jirani ukaombe moto na ukae huko mpaka nikuite, wakati moto wangu unawaka. Nikamwambia mtoto hataki, amejificha. Alikusubiri mpaka gari la mwisho. Sare akaiacha. Nilipokuvisha ukaniuliza nani kanunua, nikakwambia mimi.

Baada ya hapo alikuwa anatuma nauli ili nikupeleke likizo. Nilikuwa nasema una homa. Mwisho akaacha kutuma, nami nikapata la kukuambia: unaona, mama yako ana roho ngumu, mji umembadilisha. Uliuliza mara kadhaa, halafu ukaacha, ukaanza kuyasema mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyopata mtu wa kukaa kwangu Desemba, na Januari, na miezi yote.

Siandiki haya ili unionee huruma. Ukinihurumia nitakasirika.

Mwaka juzi niliamua kwenda kumwomba msamaha. Nilikata jani la isale pale mpakani, nikalifunga fundo, nikalifungia kwenye leso, nikavaa nguo ya kanisani. Nilifika mpaka Majengo. Nikaona mlango wake, cherehani iko kibarazani, nguo za watoto wa watu zimening'inia. Nikasimama upande wa pili wa barabara kama mwizi. Nikafikiri: jani hili halikataliwi. Nikimpelekea, namfunga tena. Ataniambia nimekusamehe kwa sababu hana njia nyingine, kama alivyokosa njia ile Jumapili. Kuomba kusikokataliwa ni kuamrisha. Nimeamrisha vya kutosha. Nikalitupa kwenye mtaro, nikarudi kupanda gari la Mkuu, wewe ukaniuliza mjini nilifuata nini, nikasema dawa ya magoti.

Sasa safari yako.

Sikukatazi. Usifurahi haraka, nasema tu sikukatazi. Naona siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Wewe unapita mlangoni, una kibali, una wakala mwenye ofisi na kibao, wamewaketisha Dar mkafundishwa haki zenu, umepewa namba ya ubalozi. Nilipoona ile mihuri nilifurahi, sikuficha. Waliokaa wakatengeneza utaratibu huo wamejifunza kwa mikono ya akina mama yako, ingawa hakuna aliyekuja kuwashukuru.

Lakini siku ile uliponisomea mkataba, ulifika mahali panaposema mfanyakazi ataishi ndani ya nyumba ya mwajiri, ukapita mbio. Nami nikakuacha upite. Wewe una kidato cha nne, mimi nina darasa la nne, na wote wawili hatujui mlango ukifungwa ndani kunakuwaje. Mama yako angekusimamisha pale. Angekuuliza ufunguo unakaa kwa nani. Simu yako inalala wapi. Siku ya mapumziko unatoka mwenyewe au unatolewa. Paspoti ikidaiwa "tukutunzie" unajibu nini, kwa lugha gani, kwa sauti gani. Ndani ya ukoo huu mzima mwenye elimu hiyo ni mmoja, na mimi nimetumia miaka yote hii kukufundisha usimsikilize.

Nakuomba mambo mawili, halafu nakuamuru moja.

Ukiumizwa huko, usinyamaze ili kunilindia jina. Jina langu halina kazi ya kufanya. Nitakuwa nimekaa kanisani benchi la nyuma, nikiulizwa habari zako nitasema ukweli kama ulivyo, hata ukiwa mbaya, hata mbele ya wanaocheka. Nimeshamwambia mtendaji wa kijiji nitakuja kukuandikisha: jina lako, wakala, nchi, mji. Alishangaa. Aliniambia, "Bibi, wewe ndiye wa kwanza kuja mwenyewe." Nikamwambia afute meza yake, ina makombo.

Na ukitaka kurudi, rudi. Mwezi wowote. Mikono mitupu. Hata ukikaa wiki moja ukaona hapafai, rudi, geti utalikuta halina kufuli. Atakayekuuliza kwa nini umerudi, kama ni mimi, nizabe kibao.

Ya mama yake Anastazia nitakwenda kuyasema mwenyewe, Jumatano jumuiya inaposali kwake. Ya mama yako vilevile nitayapeleka kwa miguu yangu, akifungua akifunga ni haki yake. Usiyabebe wewe. Usimwambie Bibi anakusalimia, usimwambie Bibi amezeeka, usimwambie Bibi analia, kwa sababu silii. Mjumbe aliyetumwa kulainisha moyo wa mtu ndiye aliyetufikisha hapa.

Amri yenyewe ni hii. Lile basi la moja kwa moja la Dar kesho hulipandi. Panda gari la Moshi la asubuhi, mkataba na paspoti uvishike mkononi, usivitie kwenye begi la juu. Utalala kwa mama yako kesho, na Dar utakwenda siku inayofuata, ndege yako ni ya usiku, nimeshamuuliza yule wa bodaboda akanihesabia masaa. Mpe mkataba ausome wote, na pale ulipopita mbio umwonyeshe kwa kidole. Mwache akufungulie ule mkono, uushike, uuangalie vizuri, kisha umuulize kila kitu unachoogopa kuuliza. Akisema nenda, nenda. Akisema usiende, unapanda gari unarudi huku, na wakala akipiga simu nipe mimi niongee naye.

Mimi nimeshuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Nimekuachia nyumba ili usiseme mbele yangu. Weka karatasi hizi chini, chukua simu, umpigie mama yako sasa hivi kabla hujala.